Kidato cha Nne: Fomu itauliza uliyomficha mwanao

MWAKA wa 2024, mama mmoja wa Kayole anayeuza mboga karibu na steji ya Masimba alifunga kibanda chake mapema, akajifunga leso safi na kumsindikiza bintiye kwenye saiba. Binti alikuwa ameitwa chuo kikuu. Siku hiyo walikwenda kujaza fomu ya kuomba ufadhili na mkopo wa serikali.

Kijana wa saiba alisoma maswali kutoka kwenye kompyuta, huku akipiga chapa majibu. Jina la mama? Nambari ya kitambulisho cha mama? Kazi ya mama? Yote yakajibiwa bila taabu. Kisha akauliza:

"Baba yuko hai au amefariki?"

Binti alijibu upesi, kwa maana jibu hilo alilijua tangu utotoni. "Alifariki."

"Basi nipe cheti chake cha kifo."

Binti akamgeukia mamake. Mama akatazama sakafu. Nyuma yao kulikuwa na watu watano kwenye foleni, kila mmoja na bahasha yake mkononi. Baada ya kitambo mama akasema kwa sauti ya chini, "Hakufa, mwanangu. Alituacha."

Mama huyo ndiye aliyenihadithia kisa hiki, na ameniruhusu nikiandike bila ya kumtaja jina ili wazazi wengine wapate funzo. Anasema binti hakulia wala hakupaza sauti. Aliinuka akaenda nyumbani peke yake, na kwa siku nne hakumsemesha mamake. Fomu ilibaki nusu, na siku za kufungwa kwa maombi zilikuwa zinahesabika.

Ndugu msomaji, huenda nawe una mtoto aliye kidato cha nne mwaka huu. Yamkini umeshamnunulia vitabu vya marudio, umemlipia karo kwa taabu, na kila jioni unamwambia azime televisheni akasome. Hayo ni mema. Lakini KCSE ina mtihani mwingine nyuma yake, na mtahiniwa wa mtihani huo wa pili ni wewe mzazi. Maswali yake ni matatu tu: Mtoto huyu anaitwa nani? Wazazi wake ni akina nani na wako wapi? Nyumbani kwenu mna kiasi gani cha pesa? Ni maswali mepesi kwa wengine, ilhali katika nyumba nyingi za mitaa yetu ya Eastlands ndiyo yale tuliyoyakwepa kwa miaka kumi na minane.

Kwa nini wanauliza mengi?

Wazazi wa makamo watakumbuka kwamba hapo zamani mambo hayakuwa hivi. Serikali ilianza kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu mwaka 1974, na wapo waliosoma enzi za zile pesa za matumizi zilizoitwa "boom", kabla hazijaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Kwa miaka mingi, mwanafunzi aliyechaguliwa na serikali alitozwa karo ya Sh16,000 kwa mwaka, awe mtoto wa waziri au wa mchuuzi.

Mnamo Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya. Kila kozi ikapewa bei yake, na kila mwanafunzi akaanza kupimwa kwa hali ya kwao. Kipimo hicho hutazama mapato ya wazazi, idadi ya watoto wanaosoma, mahali mwanafunzi alikotoka, ulemavu na mengineyo. Baada ya kupimwa, mwanafunzi huwekwa katika kundi.

Katika mpangilio wa makundi matano uliotumika mwaka 2024, kundi la kwanza, la walio wahitaji zaidi, lilipewa ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, jamaa wakabakishiwa asilimia 5. Kundi la tano lilipewa ufadhili wa asilimia 30 na mkopo wa asilimia 30, jamaa wakalipa asilimia 40. Tuseme kozi inagharimu Sh200,000 kwa mwaka. Mzazi wa kundi la kwanza atatafuta Sh10,000. Wa kundi la tatu, ambalo jamaa hulipa asilimia 20, atatafuta Sh40,000. Wa kundi la tano atatafuta Sh80,000. Juu ya hayo kuna mkopo wa matumizi, ambao katika mpangilio huo ulikuwa kati ya Sh40,000 na Sh60,000 kwa mwaka.

Mfumo huu umezua mabishano makubwa. Mahakama Kuu iliamua Desemba 2024 kwamba unakiuka katiba, kisha mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Kwa hivyo usiziweke moyoni asilimia hizi kama amri za Musa. Thibitisha zile za mwaka ambao mwanao anajiunga. Lakini iwe mfumo utabaki au utabadilishwa, hakuna mkopo wala basari itakayotolewa bila ya kuuliza mwombaji ni nani na kwao kukoje. Jibu lisilo sahihi linaweza kumtoa mtoto wa kibanda cha mboga kwenye Sh10,000 na kumtupa kwenye Sh80,000.

Hapa nawaonya hasa vijana. Wapo wanaoona haya kuandika kwamba mama ni mchuuzi, wakaandika "mfanyabiashara". Wapo wanaoandika kwamba baba ni "mhandisi" ilhali ni fundi wa jua kali anayepata kibarua siku tatu kwa wiki. Kompyuta haina habari za kujistahi kwako. Inasoma ulichoandika na kukupanga. Mama mboga ni mama mboga, na shilingi zake ndizo zilizokufikisha hapo. Na wale wenye uwezo wanaotaka kujifanya maskini wakumbuke kwamba kusema uongo kwenye fomu ya serikali ni kosa, na kwamba nafasi wanayoiiba ni ya jirani yao.

Swali la kwanza: jina

Mtoto wa Kayole anaweza kuwa na majina matatu katika karatasi tatu. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babake aliyetoweka. Shule ya msingi ilimwandika kwa jina la mjomba aliyempeleka. Alipoingia sekondari, mwalimu akasahau herufi moja. Nyumbani anaitwa kwa jina la nyanya yake, na hakuna aliyeona tatizo.

Tatizo huja pale kitambulisho kinapotoka na jina moja na cheti cha KCSE na jingine. Hapo benki, bodi ya mikopo na chuo kila mmoja atauliza iwapo huyu ni mtu mmoja au wawili. Kurekebisha jina kabla ya usajili wa KCSE kufungwa ni kazi ya kumwona mwalimu ukiwa na cheti cha kuzaliwa. Kulirekebisha baada ya cheti kuchapishwa ni safari, gharama na miezi ya kungoja.

Basi Jumapili hii, kabla ya chakula cha mchana, mwite mwanao mkae mezani. Toeni cheti cha kuzaliwa, matokeo yake ya darasa la nane na nambari yake ya usajili wa KCSE. Someni majina herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa vilevile. Kama cheti cha kuzaliwa hakipo, anza kukitafuta kesho. Huduma Centre ya Makadara haiko mbali nasi, na maombi mengine hufanywa kupitia eCitizen. Akiwa ameshatimiza miaka 18, achukue kitambulisho mapema, asingoje msongamano wa baada ya matokeo.

Jambo jingine ambalo watu hulidharau ni laini ya simu. Mwanafunzi anapojiandikisha kwenye tovuti, ujumbe wenye nambari za siri hutumwa kwa simu aliyoiandika. Ukitumia simu ya kaka ambaye kesho atahamia Mombasa, au barua pepe ya kijana wa saiba, mtoto atafungiwa nje ya fomu yake mwenyewe. Mtoto awe na laini aliyosajiliwa kihalali, barua pepe yake mwenyewe, na neno la siri aliloliandika kwenye daftari linalowekwa nyumbani.

Swali la pili: baba na mama

Narudi kwa yule mama wa Masimba. Nilimuuliza kwa nini alimwambia bintiye kwamba babake amekufa. Alinijibu: "Alikuwa na miaka minne. Kila jioni alikuwa anauliza baba atarudi lini. Siku moja nilichoka."

Sidhani kuna mzazi atakayemhukumu. Wengi wetu tumewaambia watoto kwamba baba "amesafiri", au "anafanya kazi mbali". Wengine huwalea watoto wa dada zao waliofariki, na watoto hao huwajua kama wazazi waliowazaa. Ni uongo uliosemwa kwa huruma. Lakini fomu haina huruma. Inataka kujua kama baba yu hai. Kama yu hai, kitambulisho chake. Kama amekufa, cheti cha kifo. Kama umelea peke yako, huenda ukahitajika uthibitisho, kama vile barua ya chifu au hati ya kiapo.

Kwa hivyo ukweli huo utajulikana. Shauri ambalo umebakiwa nalo ni kuchagua utajulikana wapi na lini. Ni heri mtoto ausikie nyumbani, mwanzoni mwa mwaka au wakati wa likizo, kutoka kinywani mwako, akiwa na nafasi ya kulia, kukasirika na kuuliza, kuliko ausikie mbele ya kijana wa saiba na foleni ya watu watano. Wala usimwambie wiki ya mtihani. Ukiona Oktoba imefika na hujasema, mwache amalize karatasi zake, kisha ukae naye kabla matokeo hayajatoka.

Ukimwambia, mwambie yanayomhusu tu. Mtoto ana haki ya kujua babake ni nani. Hana haja ya kupewa orodha ya makosa ya mtu huyo tangu mlipooana. Na kama babake yuko Umoja au Dandora na nambari yake ya simu unayo, meza hasira kwa siku moja uombe nakala ya kitambulisho. Kina baba nao nawaambia: kumnyima mtoto nakala ya kitambulisho kwa sababu ulikosana na mamake ni kumlipisha deni lisilo lake.

Kwa wajane na mayatima kuna jambo la kuangalia. Watu wengi wana kibali cha mazishi na wanadhani ndicho cheti cha kifo. Ni karatasi mbili tofauti. Cheti cha kifo huombwa, na kikiombwa miaka mingi baada ya msiba huchukua muda. Kadhalika, kama karo ya sekondari ililipwa na kanisa, msikiti au mfadhili yeyote, omba barua ya kuthibitisha hivyo wakati mtoto angali shuleni na wahusika wangali wanamkumbuka.

Swali la tatu: pesa

Hili ndilo baba wengi hulikwepa. Katika nyumba zetu mshahara wa baba ni siri kubwa kuliko za serikali. Mke haujui, sembuse mtoto. Matokeo yake mtoto huchagua kozi gizani. Anachagua kwa sababu rafiki yake ameichagua, au kwa sababu shangazi alisema ina kazi, bila kujua kwamba sehemu ya jamaa peke yake inazidi kodi ya nyumba ya mwaka mzima.

Mwambie mwanao kwa nambari: sisi tunaweza kutoa kiasi hiki kwa mwezi, wala si zaidi. Mwambie pia madeni. Kijana wa miaka 18 anaweza kubeba ukweli huo, na mara nyingi atakushangaza kwa busara. Kisha mjadili mkopo pamoja. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, nao hulipwa baada ya masomo. Ni wake, atakayeulipa ni yeye, kwa hiyo asiwekewe saini ya jambo asilolielewa.

Halafu kuna hesabu ya wiki ya kwanza, ambayo haimo kwenye fomu yoyote. Godoro, nauli, sufuria, kodi ya chumba mwezi wa kwanza. Pesa za serikali aghalabu hazifiki siku mwanafunzi anapofika. Hili si jambo geni. Septemba 1959, wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda Amerika katika ule mpango maarufu uliosimamiwa na Tom Mboya. Wengi wao vyuo vya huko vilikuwa vimeshawapa nafasi, hata na basari. Kilichokosekana ni nauli, na ndiyo iliyochangishwa huku na huko. Iwapo vijana wale karibu wakwamishwe na nauli, wa kwako asikwamishwe na godoro. Weka kidogo kidogo kwenye chama kuanzia mwezi huu, kwa jina la jambo hilo peke yake.

Usitegemee basari ya eneo bunge kana kwamba iko mfukoni. Mnamo Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka katiba, na kwamba shughuli zake zikome ifikapo Juni 30, 2026. Uliza mapema katika ofisi zinazohusika ni basari gani zipo mwaka huo, na fomu zinatolewa lini. Ikipatikana ni heri. Isipopatikana, uwe na njia nyingine.

Na asiyepata C+?

Kwenye KCSE ya 2024 walikuwapo watahiniwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia shahada, walikuwa 246,391. Ni takriban mmoja kati ya wanne. Basi mzazi anayemwandaa mtoto kwa chuo kikuu peke yake anawaacha watatu kati ya wanne bila mpango.

KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi, haliishii kwenye vyuo vikuu. Mwenye C- anaweza kuomba stashahada, mwenye D anaweza kuomba cheti, na zipo kozi za ufundi kwa walio chini ya hapo. Vyuo kama Kabete National Polytechnic na PC Kinyanjui viko papa hapa Nairobi, na mtoto anaweza kutoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni. HELB pia huwakopesha wanafunzi wa vyuo vya ufundi.

Wakati mtoto angali kidato cha nne, mkae naye mwandike kozi tatu: moja akifaulu kama anavyotumaini, moja akipata wastani, moja mambo yakienda mrama. Mwulize mwalimu wake ni masomo gani manne yanayohesabiwa kwa kila kozi, kwa sababu alama ya jumla pekee haitoshi. Mwenye B aliyeanguka hisabati anaweza kukosa kozi ambayo mwenye C+ ameipata. Akiwa na karatasi hiyo, siku ya matokeo haitakuwa siku ya msiba.

Kuhusu wale wanaopiga simu wakisema wanaweza "kumpangia" mtoto nafasi au kumpandisha kundi ukituma pesa kidogo, kata simu. Aliyewekwa kundi lisilomfaa ana njia halali ya kukata rufaa, tena bila kumhonga mtu.

Siku ya tano

Sasa nimalizie kisa nilichoanza nacho. Siku ya tano binti alitoka chumbani asubuhi, akamkuta mamake akifunga sukumawiki mafungu mafungu. Akachuchumaa kando yake, akaanza kumsaidia kufunga. Baada ya muda akauliza, "Anaitwa nani?"

Mama akamtajia. Wakaenda kwa chifu siku hiyohiyo, wakapata barua, na fomu ikakamilika kabla ya muda kwisha. Binti yuko chuoni hivi leo. Nilipomuuliza mama kama wamepatana kabisa, alitikisa kichwa polepole. "Ananipigia simu," akasema. "Lakini sasa nikimwambia jambo, ananiuliza kama ni kweli."

Hiyo ndiyo gharama ambayo hakuna mkopo unaoweza kuifidia. Mama huyo ana mtoto wa pili, mvulana, ambaye wakati ule alikuwa kidato cha pili. Hakungoja fomu. Wiki iyo hiyo alimketisha akamweleza yote.

Wahenga walinena, mficha uchi hazai. Msomaji mpenzi, cheti cha kuzaliwa ukitafute kesho. Lakini lile jambo ambalo umekuwa ukisema utamwambia mwanao akikua, tazama, amekua. Mwambie.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia watahiniwa wetu wote kila la heri.